Ngao, Mlango, Jina

Ulipita. Usiniambie hukutuona, mlango wetu hapa Nyamirambo uko wazi kila Jumamosi, nawe uligeuza uso kama unatafuta kitambaa duka la jirani. Ulisikia tunajifunza Kiklingoni, lugha iliyotungwa kwa ajili ya watu wa sayari ya kubuni, ukasema ni wazimu. Mimi Usumani sisahau. Mwaka 1979 mwalimu alinitoa darasani kwa kosa la kuongea Kiswahili, eti lugha ya wahuni. Leo wajukuu zake wanakifanyia mtihani.

Jumamosi hii tulikuwa watatu: mimi, Claudette fundi cherehani, na Pudentienne, nesi mstaafu. Neno jipya lilikuwa limefika kutoka ng'ambo bila maana, ndani ya sentensi tatu tu. Askari anaitenda ngao hivyo, mwanamke anautenda mlango hivyo, nahodha analitenda hivyo jina la adui. Sheria yetu ni moja: maana isiyokaa katika sentensi zote tatu inatupwa.

"Kufunga," nikasema.

"Jina unalifunga kwa kamba gani, mzee wangu?" Claudette akauliza.

"Kulinda," akasema Pudentienne.

"Jina la adui, mama? Wewe utatuuza."

Ntare, mwenye nyumba, akatokea mlangoni na kisu cha kutolea rangi. Claudette akamsalimu: "nuqneH."

"Maana yake?"

"Unataka nini. Ndivyo wanavyosalimiana."

"Basi nataka chumba yangu. Nilisema watu kumi na mbili wasaini kujiunga mpaka Ijumaa, ama iwe stoo ya kreti. Mko tisa. Na hii luga yenu haiko hata na nchi."

"Ijumaa haijafika," nikamwambia.

"Naanza mapema, mzee."

Akaanza kulitoa jina la kikundi chetu lililoandikwa mlangoni, rangi ikidondoka vipande vipande. Niliinuka nimshike mkono. Claudette akanivuta shati.

"Ngoja. Tazama anachofanya."

Kukwangua. Pudentienne akalijaribu kwenye ngao, kwenye mlango, kwenye jina la adui. Likakaa kote. Akaliandika daftarini na mfano wake: Ntare anakwangua jina letu.

"Mnaniandika mimi?"

"Tunaandika neno, bosi. Endelea na kazi."

Akaendelea. Akamaliza.

Wamebaki watatu tu tutimie kumi na wawili. Karatasi ya sahihi iko dukani kwa Claudette, ng'ambo ya barabara, juu ya meza ya kukatia nguo, na Ijumaa saa sita mchana Ntare anabadilisha kufuli. Si lazima ujue neno hata moja. Vuka barabara uweke sahihi yako leo, kabla Claudette hajafunga.