Bawa la Kushoto

Wamae hakuwa na cheti cha shule ya ufundi. Hakuwa na benchi lake mwenyewe la useremala, hakuwa na ndugu Nairobi wa kulitaja jina lake mbele ya wakubwa, wala hakuwahi kupanda ndege. Hakuwa na mbao kavu. Zaidi ya yote hakuwa na subira, na hilo mkewe Murugi alikuwa akimwambia tangu mwaka wa uhuru.

Alichokuwa nacho ni ruhusa ya kujaribu. Mwaka wa 1966 kampuni moja ya ndege Nairobi ilitangaza kwamba inatafuta vijana wa kufunzwa kazi ya karakana. Wamae aliomba, akasema wazi kwamba masomo yake ni ya jioni tu. Akajibiwa kwamba asiye na cheti anaweza kutuma, kabla ya Julai kwisha, picha ya kitu alichokibuni na kukitengeneza kwa mikono yake.

Mwingine angepiga picha ya kabati. Wamae aliwaza ndege ambayo haikuwepo popote duniani: ndege ya abiria mia moja, mabawa yake yameungana kuwa pembetatu moja pana kama sambusa iliyolazwa, injini nne zimejificha nyuma. Aliichora kwenye karatasi ya kufungia sukari, kila futi tano za ndege ya kweli ziwe inchi moja ya mbao.

Mzee Gatimu, fundi aliyemwajiri pale Gatitu, karibu na mji wa Nyeri, alikuwa na mbao za mukima, ule mti wa kivuli cha kahawa, zilizopasuliwa wakati wa mvua za Aprili. Alimwambia aziache zikauke chini ya paa hadi Februari. Wamae alichukua mbili siku hiyo hiyo. Hakuweza kutulia. Alikula amesimama. Alianza kupiga randa kabla kuku hawajatoka bandani, akatoboa madirisha kwa spoku ya baiskeli iliyochomwa moto, akapiga msasa hadi mwili wa ndege ukawa laini kama shingo ya chupa.

Kisha akapaka vanishi, na vanishi ikakataa kukauka. Julai Nyeri haina jua, ukungu tu. Basi akaipandisha ndege kwenye itara, ile dari ya fito juu ya moto wa jikoni ambako Murugi alikaushia kuni. Alipoishusha, bawa la kushoto lilikuwa limejikunja kwenda juu.

Mzee Gatimu alikuja kuiona. Aliizunguka bila haraka.

"Sasa hii ndege yako inasalimia nani?"

Wamae hakucheka. Alililowesha bawa, akalilaza chini ya mawe. Alijaribu hata pasi ya makaa, mpaka aliposikia mbao ikilia, akaacha. Julai ilikuwa inakwisha.

Akaibeba mjini kwa Bhupendra, mpiga picha. Bhupendra aliigeuza huku na huku, akainamisha taa, akapata upande ambao mwili wa ndege ulilificha bawa bovu. Picha ilitoka nzuri hata akaomba nakala ya kuweka dirishani pake. Wamae akamwomba apige nyingine, kutoka mbele.

"Ya nini, fundi? Ya mbele itakuharibia."

"Piga tu."

Nyumbani aliziweka zote mbili mezani, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Murugi alizitazama, akaisogeza ile nzuri.

"Tuma hii, Baba Kabura. Si ni wewe uliitengeneza?"

Alitaka kuituma. Mkono ulikwisha kuishika.

"Nikitoboa dirisha nilikuwa naweka mtu wa kukaa hapo," alisema. "Kila dirisha. Mama yangu nilimweka kushoto."

Murugi akachochea moto. Miaka yote alikuwa akimwambia mumewe angoje, na mumewe hangoji.

"Basi waambie wao wangoje," alisema.

Wamae akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima. Aliandika kwamba anatuma picha ya mbele ili waone bawa la kushoto limepinda. Kosa si la mchoro. Yeye mwenyewe alikausha mbao mbichi juu ya moto. Mbao nyingine ziko chini ya paa kwa Mzee Gatimu. "Zitakuwa tayari Februari," aliandika, "nami nitakuja na ndege iliyonyooka, muishike na kuigeuza mpendavyo. Naomba mningoje."

Akatia picha, akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja. Murugi alisema posta haitahama, kesho itakuwepo. Lakini Wamae alikuwa amekwisha kutoka bila kofia, akishuka mjini ndani ya ukungu, karibu kukimbia. Akaisukuma barua ndani ya sanduku, kisha akaligonga sanduku ubavuni, kama utingo wa lori anayemwambia dereva twende.