Ukuta Uliopigwa Pasi

Mume wangu aliwahi kuupiga pasi ukuta. Nikisimulia watu hawaniamini, na wale walioona kwa macho yao wanazidi kupungua, ndiyo maana naandika. Alikuwa dobi. Mtaa mzima ulimwita Dobi, na mimi pia nilimwita Dobi, hata siku nilipotaka kumwambia neno la upole. Wateja walisema angeweza kunyoosha hata uso wa mtu aliyenuna.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya baba mwenye nyumba. Chumba cha mbele kilikuwa cha kulala sisi na kupokea wageni. Cha nyuma kilikuwa cha kazi: meza ndefu ya pasi, kamba za kuanikia siku za mvua, kabati la nguo za wateja, na pembeni kitanda kidogo cha binti yetu. Tulimwita Kifungo. Alizaliwa mdogo, mviringo, na baba yake alisema vitu vidogo namna hiyo ndivyo vinavyozuia nguo nzima isifunguke mbele za watu.

Mvua za mwaka ule hazikujua kuaga. Kwanza ukuta wa nyuma ya kitanda ulitoka doa moja la kijivu, kama mtu ameugusa kwa kidole chenye majivu. Tukalifuta. Likarudi na ndugu zake. Tukafuta tena, likaleta na wakwe. Mwisho kona nzima ilikuwa nyeusi, ina manyoya, na chumba kinanuka kama kiatu kilichosahauliwa ndani ya ndoo.

Kifungo akaanza kukohoa, kifua kikawa kinapiga filimbi. Daktari alimsikiliza, akauliza mtoto analala wapi. Tulipomweleza akasema dawa atatupa, ila dawa na kuvu havilali chumba kimoja. Akiendelea kulala pale, safari ijayo tutamleta kulazwa.

Habari zikamfikia dada yangu mkubwa, anayeishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Akaja. Akautazama ukuta, akamtazama mume wangu.

"Shemeji, hapa unafuga mtoto au unafuga uyoga?"

"Nafuga vyote, shemeji. Kitakachokua kwanza tutakula."

"Cheka tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi narudi. Nikikuta ukuta huu bado una ndevu, naondoka na mwanangu."

Na alikuwa na haki ya kusema mwanangu, yeye ni mama mkubwa.

"Sasa nitakuwa namwona lini?" Dobi akauliza.

"Ukuta wako ukinyoa."

Dobi alicheka. Lakini dada alipoondoka nilimwona anakunja shati, analikunjua, analikunja tena, shati lile lile. Tukamhamishia mtoto chumba cha mbele, akalala katikati yetu, miguu mbavuni mwa baba yake, na baba yake hakulalamika hata mara moja.

Baba mwenye nyumba alikuwa na jina mtaani: Mzee Nimesikia. Kutoka mlangoni kwake hadi kwetu ni mwendo wa kupiga chafya, lakini hakuwahi kufika.

"Mzee, ukuta umeota kuvu."

"Nimesikia."

"Mtoto anakohoa, mzee."

"Nimesikia, nimesikia."

Ukimbana sana alikuwa na jibu jingine: "Ninyi mnaanika nguo ndani. Mvua mnainyesha wenyewe."

Basi siku moja Dobi akawa amesimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, kama anavyosimama mbele ya suti ya mteja mkorofi.

"Mama Kifungo, kuvu ikishika kola ya shati, huwa naitoaje?"

"Limau na chumvi, unaanika juani, halafu pasi."

"Basi."

"Basi nini?"

"Kwani ukuta si nguo ya nyumba?"

Nilidhani anatania. Alikuwa anatania, na papo hapo hakuwa anatania. Ndivyo alivyokuwa mume wangu. Nikakamua malimau, yeye akasugua. Akawa ananifundisha maungo ya ukuta. Kule juu ni kola. Dirisha ni mfuko wa kifuani. Ile kona nyeusi ni kwapa. "Na kwapa, mke wangu, ndipo shati lolote linapoanzia kuaibisha ukoo."

"Sasa jua? Utautoa ukuta nje ukauanike?"

Akafikiri kidogo. "Jua ni moto. Pasi nayo ni moto."

Akapanda kwenye kigoda. Mimi nikashika waya wa pasi, Kifungo akakaa kizingitini akipiga makofi. "Baba anaipigia nyumba pasi!" Ukuta ukapiga kelele kama samaki kikaangoni. Moshi, mvuke, harufu ya limau la kuchoma na soksi. Dobi anapiga pasi kwa adabu zote za kazi, kuanzia kola, anashuka, anainyoosha mikunjo ambayo haipo.

"Nikuletee na wanga?" nikamuuliza.

"Usinichekeshe nitaanguka!"

Nikacheka mimi, nikauachia waya, yeye akakaa juu ya kigoda na pasi mkononi, tumecheka mpaka Kifungo akaanza kucheka bila kujua sababu, kikohozi kikamshika. Kisha Dobi akasimama, akaendelea, sasa kwa nguvu zaidi.

Jioni ile ukuta uling'aa. Asubuhi kuvu ilikuwa imerudi, tena imenawiri, limau limeinogea.

Lakini pasi ndiyo iliyokuwa na siri yake. Ukuta ule ulipakwa rangi ya mafuta ya samawati. Mwenye nyumba alinunua pipa zima enzi hizo akapaka kila kitu chake, hadi banda la kuku. Rangi ilikuwa imeyeyuka ikajibandika chini ya pasi pamoja na vipande vya kuvu. Dobi, ambaye siku zote huifuta pasi kabla ya kuihifadhi, siku ile kwa kicheko alisahau.

Asubuhi nguo ya kwanza mezani ilikuwa shati jeupe la Mzee Nimesikia mwenyewe, la kwendea kikao cha wenye nyumba. Dobi huanza na mgongo. Alikuwa amenigeukia, ananisimulia jambo, akaibwaga pasi ya moto katikati ya mgongo wa shati, akaiinua, akaligeuza. Rangi yote ikabaki mgongoni, pasi ikatoka safi. Mbele ya shati kukanyooka kama karatasi. Akalikunja, kifua juu, akampelekea. Mzee akavaa, akaenda.

Kabla ya mchana tulisikia kiatu chake kikija kwa hasira, kile kiatu ambacho hakikuwahi kuujua mlango wetu. Hakusalimia. Alifika mlangoni akageuka, akatuonyesha mgongo.

"Dobi! Hii nini?"

Chapa ya pasi, nzima, ncha imeelekea shingoni. Samawati, ina madoadoa meusi yenye manyoya.

Dobi akasogea. Akaichunguza kwa jicho la kazi. Nikaona mdomo wake unatetemeka.

"Mzee, hiyo ni nyumba yako."

"Unasemaje?"

"Ni ukuta wako. Nimekuita siku zote uje uuone, hukuja. Basi umekufuata wenyewe."

Nikauma kitambaa cha kichwa. Kifungo akachungulia kutoka nyuma ya sketi yangu, akasema kwa furaha kubwa, "Babu ana dirisha mgongoni!"

Mzee akafungua kinywa. "Nime..." akaanza, na sote tulijua neno linalofuata, na yeye akajua kwamba tunalijua. Akasita. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani ni ghadhabu, kumbe kicheko kinatafuta njia ya kutokea. Kikatoka. Alishika mwimo wa mlango.

"Kikaoni wananiuliza, mzee umeegemea wapi? Nawaambia sijaegemea popote, mimi mtu safi! Kumbe nimebeba nyumba!"

Alipomaliza kufuta machozi akaingia. Mara ya kwanza. Akaitazama kona, akatazama kitanda kidogo kisicho na mtu. Akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, sisi tukamfuata. Mfereji wa bati unaopokea maji ya paa ulikuwa umeachia pale kwenye kona, na maji yote ya mvua yalikuwa yakiteremkia ukutani kwetu kama yameagizwa. Mzee akakohoa. Dobi akatembea mbele yetu kama jogoo aliyeshinda kesi.

Ushindi haukudumu. Tuliporudi ndani mzee akainua macho juu ya dirisha, kunakotakiwa kuwa na safu ya matundu ya hewa.

"Na matundu yangu yako wapi?"

Jogoo akakatika mbawa.

Naomba nieleze. Dobi hakuwa na adui duniani isipokuwa vumbi. Vumbi likidondokea shuka jeupe, kazi ya kutwa inarudiwa. Alilifukuza kwa mkono kama mbuzi shambani, alilisema, alilitukana. Siku tulipohamia, kabla hatujatandika kitanda, alipanda juu akayaziba matundu yote kwa matambara. Tangu hapo maji ya kunyunyizia nguo, mvuke wa pasi, unyevu wa nguo kambani, vyote vilikuwa vinazunguka mle ndani vikitafuta mahali pa kukaa, na vilikaa juu ya kitanda cha Kifungo.

Mzee akapanda kwenye kigoda kile kile. Akavuta. Ukatoka mguu wa suruali. Akavuta tundu la pili, soksi. La tatu, nusu ya foronya. La nne akavuta kitu kirefu, akakikunjua, akakitazama sana.

"Dobi. Hili taulo langu."

"Lilipotea, mzee."

"Naona lilipopotelea! Umeiziba nyumba pua na mdomo, halafu unanilalamikia kwamba inatoka jasho?"

Dobi akainamisha kichwa. "Nimesikia, mzee."

Hapo hata mimi nilikaa sakafuni kwa kicheko.

Tangu siku ile kazi ilianza. Mzee alipanda ngazi akiwa na shati lake lile lenye chapa, kwa kuwa, alisema, limeshakuwa la ujenzi, akaurudisha mfereji. Tulitoa kila kitu uani, kitanda, kabati, meza, kamba, wapita njia wakawa wanatuuliza kama tumefukuzwa au tunauza. "Tunauza," Dobi akawajibu, "mnunuzi wa ukuta atapewa na mke." Tukajifunga vitambaa puani, tukakwangua ukuta mpaka plasta, tukauosha kwa dawa ya kung'arishia nguo, tukauacha wazi. Mzee akakataza kupaka rangi mapema: "Uacheni upumue." Meza ya pasi ikahamia barazani, moja kwa moja. Jua likatoka, likafichwa, likatoka. Kila asubuhi Dobi alikwenda kuweka shavu lake ukutani kabla ya kunawa uso. Vicheko vyote vile, lakini alizihesabu Jumamosi kimoyomoyo, nilimjua.

Dada alifika na mkoba mkubwa mtupu, wa kutilia nguo za mtoto. Hakutaka hata maji.

"Nipeni kitambaa cheupe."

Dobi akamletea foronya, ile nyeupe kupita zote. Hakutania. Alisimama kando ya ukuta kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mimi nilikuwa nimembeba Kifungo, naye ananikaba shingo kwa mikono miwili kwa sababu ameuona mkoba. Mzee Nimesikia alikuwa dirishani kwa nje, anajifanya anatazama mfereji.

Dada akaiweka foronya penye kona, penye kwapa lenyewe, akakandamiza kwa kiganja, akasugua juu, akasugua chini. Akaigeuza.

Ilikuwa na alama. Haikuwa nyeusi, wala haikulowa. Alama hafifu ya hudhurungi.

"Hii nini?" dada akauliza, akainusa.

Dobi akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga. Akapitisha kidole. Akapuliza kidogo, alama ikaruka.

"Vumbi," akasema polepole. Kisha akaruka yeye. "Vumbi! Shemeji, ni vumbi! Kavu! Mama Kifungo, tuna vumbi ndani ya nyumba!" Akaivaa foronya kichwani, akacheza, akapapasa dirisha, kabati, kitanda, "Hapa lipo! Na hapa lipo!" akimpakaza Kifungo puani, akimpakaza na shemeji yake puani, na mzee dirishani anapiga bati kwa nyundo kufuata mdundo.

"Huyu mumeo ana wazimu," dada akaniambia, huku pua imejaa vumbi. Kisha akapiga magoti, akaweka sikio kifuani kwa Kifungo. "Hebu nyamaza wewe na vumbi lako nisikilize." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Bado kinapiga," akasema, "lakini ni filimbi ya mbali. Ya mtu anayeondoka."

Akausukuma mkoba mtupu chini ya kitanda kwa mguu, ndipo akaomba maji.

Kifungo ana nyumba yake sasa, na mapafu ya kumgombeza mumewe. Dobi hayupo tena. Pasi yake iko juu ya kabati, chini ya matundu ya hewa, nami sijayaziba. Kila asubuhi naifuta. Jioni naikuta na vumbi jipya, nasimama kidogo mbele yake kabla sijachukua kitambaa, nacheka peke yangu.