Kofia Mbili za Brynn Kucera

Kwa adabu ya wachezaji pale Nebraska, kabla hujatangaza mbele za watu chuo utakachochezea, kwa kuvaa kofia yake, unampigia kocha wa chuo unachokiacha. Unamshukuru, mnaagana, basi. Asubuhi hiyo ya Novemba Brynn Kucera, nyota wa mpira wa wavu shuleni kwao, alijifungia ndani ya chumba cha kubadilishia nguo akampigia Kocha Nadine wa chuo kidogo, kile cha kofia ya kijani. Moyo ulikuwa mzito. Huko ndiko alikotaka kwenda, akasomee udaktari wa mifugo. Lakini Nadine alikuwa kimya tangu Oktoba, na Kocha Hoyt, aliyemfundisha Brynn tangu utotoni, alishamwambia, "Hao wamekusahau, mwanangu. Nenda chuo kikubwa."

"Samahani, Kocha," Brynn alisema. "Nakwenda kule kwingine."

"Najua, binti. Hoyt aliniambia tangu Oktoba kwamba umeshaamua, nisikusumbue."

"Mimi nilikuwa nangoja simu yako."

"Kumbe. Basi ufadhili wako nimeshampa mwingine. Ukija kujaribiwa uwanjani nitakupokea kwa mikono miwili, ila karo itakuwa juu yenu."

Damu ilimchemka Brynn. Mtu amekula mkate wa kwao kila Krismasi, anaitwa mjomba, kumbe anamzunguka mtoto wa watu kwa nyuma! Na kwa faida ya nani?

Jibu alilipata kwa mama yake, Jolene, aliyekuwa koridoni akijipepea usoni kwa leso.

"Umesikia ya Hoyt?" Jolene alisema. "Chuo kikubwa kimempa kazi, kocha msaidizi. Wamemchukua kwa sababu anakwenda nawe. Anacheka hadi jino la mwisho. Nami nikasema afadhali, mwanangu hatakuwa peke yake."

"Mama, kaniuza."

Akamweleza yote. Jolene aliikunja ile leso, akaikunja tena, uso ukamwiva.

"Na mimi nikamfungia kolachi, mikate yangu mitamu, aende nayo nyumbani," alisema. "Mtu mzima hana haya."

"Nikienda kwa Nadine, karo hatuna."

"Hatuna. Tutauza ng'ombe, tuanzie hapo, mengine tutayaona mbele. Lakini kofia ya yule usiivae mbele yangu."

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi juu ya ngazi. Mezani kofia mbili, ya kijani na ya zambarau, na mstari wa mbele kabisa amekaa bwana aliyetumwa na chuo kikubwa, mguu juu ya mguu, ana uhakika wake. Hoyt alishika kipaza sauti kama bwana harusi.

"Haya, bingwa wangu," alisema, "usiwaweke watu roho juu. Chagua."

Brynn akachukua ya zambarau. Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga mbinja, Hoyt akafungua mikono amkumbatie. Ndipo msichana akanyoosha mkono na kuibandika kofia kichwani mwa Hoyt mwenyewe, akaivuta hadi masikioni.

"Vaa wewe, Kocha," alisema, na kipaza sauti kikayachukua maneno hadi mlangoni. "Wewe ndiye waliyemsajili. Mimi ulinifanya nauli yako tu."

"Brynn, acha utani, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Waambie ulichomwambia Kocha Nadine mwezi wa kumi."

Hoyt alitabasamu, tabasamu likamkauka mdomoni. Brynn akaichukua ile ya kijani, akashuka jukwaani, mama yake akamshika mkono, wakatoka.

Bwana wa mstari wa mbele aliitazama kofia ya chuo chake kichwani mwa Hoyt, akautazama mlango. Kisha akainuka, akachukua koti lake, akaenda zake bila kumuaga mtu.