Siku Jemedari Alipokula Gunia la Pumba

Peris alimkuta Jemedari amelala ubavu katikati ya shamba lake la sukuma wiki, miguu ameinyoosha juu ya tuta alilolipalilia jana, na kitu cha kwanza kilichompanda moyoni hakikuwa huruma.

"Hata kufa," alimwambia yule farasi, "umeona ufie kwa mboga yangu?"

Jemedari aliinua kichwa, akautazama ubavu wake mwenyewe kana kwamba kuna mtu amemchoma huko, halafu akakilaza tena kwa mguno. Hapo ndipo Peris alipoona jasho. Asubuhi ilikuwa ya baridi na mlima Elgon ulikuwa bado umejifunika, lakini shingo ya farasi ilikuwa imelowa kama aliyetoka kuogeshwa. Na tumbo lilikuwa limevimba.

Hakuhitaji mganga wa kumwambia sababu. Alitupa jicho upande wa stoo akaona mlango uko wazi, kamba ya katani inaning'inia imetafunwa, na gunia la pumba lililoletwa Jumamosi limelala chini bapa kama koti la mtu aliyekonda. Chakula cha kuku nacho kilikuwa kimemwagwa na kulambwa. Tangu Pasaka alikuwa akimwambia mumewe, "Baba Rosaline, weka komeo kwa huu mlango." Na tangu Pasaka Mukhisa alikuwa akijibu, "Farasi si mwizi, Mama Rosaline. Farasi ana akili." Sasa akili yenyewe ndiyo hiyo, imelala kwa sukuma.

Mukhisa alikuwa saisi. Nusu ya maisha yake aliipitisha kwenye shamba moja kubwa kule Saboti, akiwalisha farasi wa watu, akiwapiga brashi, akilala nao zizini wakiugua. Shamba lilipouzwa na mwenyewe kuhama, wafanyakazi wenzake waliomba ng'ombe, wengine mabati, mmoja akaomba trela. Mukhisa aliomba farasi mzee. Akatoka naye Saboti kwa miguu hadi nyumbani kwake karibu na Malakisi, na watoto wa shule wakamfuata njia nzima wakidhani kuna maonyesho. Peris, aliyekuwa ndio kwanza amestaafu ualimu wa darasa la kwanza na alikuwa akingoja ng'ombe wa maziwa, alisimama mlangoni akiwatazama. Hakusema neno kwa wiki nzima. Farasi halimi, hakamuliwi, haliwi. Kazi yake kula na kupigwa picha. Mara moja alikodiwa kumbeba bwana harusi kule Cheptais, akasimama katikati ya msafara na kula maua ya bibi harusi mbele ya padre.

Kilichomuudhi Peris zaidi asubuhi hiyo ni mahali alipokuwa mumewe. Mukhisa alikuwa Kitale. Alialikwa kwenye mkutano wa wafugaji, awafundishe watu jinsi ya kutunza punda na farasi.

Alimpigia simu. Mukhisa alipokea kwa kunong'ona.

"Mama Rosaline, niko mbele ya watu."

"Waambie watu farasi wako anakufa."

Akamsikia mumewe akisema kwa sauti kubwa, "Jemedari!" kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kukawa na kelele za viti, halafu sauti ya mwanamke ikachukua simu.

"Mama, mimi ni Daktari Chepkosgei, daktari wa mifugo. Nilikuwa hapa tu kwa mkutano. Amekula nini?"

"Pumba. Gunia. Na chakula cha kuku."

"Yote?"

"Daktari, huyu hajui kuacha."

"Sawa. Nisikilize vizuri. Toa kila chakula mahali anaweza kufika, hata nyasi. Akitaka kubingirika, msimamishe umtembeze polepole. Akitulia, muache atulie. Na usimpe kitu kwa mdomo. Si mafuta, si magadi, si soda, hata maji ya kuombewa. Farasi hawezi kutapika kama sisi. Ukimnywesha kwa nguvu inaenda kwa mapafu. Tunakuja."

"Kutoka Kitale? Na hii barabara na hii mvua ya jana?"

"Tunakuja, mama."

Basi Peris akabaki na farasi. Angebaki na farasi peke yake lingekuwa jambo dogo, lakini habari katika sehemu zile hazihitaji simu. Kabla hajamaliza kufunga stoo, Hiram, mdogo wake Mukhisa, alikuwa ameshavuka ua akiwa na chupa ya mafuta ya kupikia aliyokoroga na magadi.

"Shemeji, hiyo ni gesi tu. Ng'ombe yangu ilifula hivyo hivyo. Shika kichwa, mimi namwaga."

"Hiram, huyu si ng'ombe."

"Si wote wanakula nyasi?"

"Daktari amekataa."

"Daktari gani? Wa Kitale? Ati anatibu kwa simu?" Hiram alicheka. "Hii falasi itakufa tukingojea Kitale, bana."

Nyuma yake alifika Phelista na akina mama wa maombi wa kanisani, wakiwa na ngoma. Phelista alikuwa mwanamke mwema asiye na sauti ndogo. Alitaka wamzunguke farasi na kuimba. Jirani mwingine akapita juu ya pikipiki akapiga kelele kwamba dawa ni kumkimbiza hadi barabarani na kurudi, atoe upepo. Mwingine akasema akatwe sikio damu itoke.

Peris alihisi kichwa chake kikiwaka. Hakumpenda mnyama huyu. Hakumwomba. Na sasa yeye ndiye aliyesimama kati yake na kijiji kizima chenye nia njema.

"Phelista," alisema, "ombeni. Lakini muombee pale kwa barabara, na ngoma iwekwe chini. Hiram, hiyo chupa ipeleke kwa bibi yako akupikie maandazi."

Simu ililia. Mukhisa.

"Amesimama?"

"Bado."

"Ufizi wake uko aje? Uko na rangi gani?"

Peris alipiga magoti matopeni, akainua mdomo wa farasi kwa kidole kama anayefunua chungu cha mtu mwingine. "Umekuwa mwekundu. Si ule wa kawaida."

Mukhisa alivuta pumzi. "Mwekee simu kwa sikio."

"Nini?"

"Mama Rosaline, nakuomba. Mwekee simu kwa sikio."

Akamwekea. Akajiona alivyokuwa, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, amechuchumaa kwenye sukuma akimshikia farasi simu huku akina mama wakitazama. Alisikia sauti ya mumewe ikitoka nyembamba: "Simama mzee wangu. Simama rafiki yangu, nakuja." Sauti ilikuwa imepasuka. Katika ndoa yao yote Peris hajawahi kuitwa rafiki yangu. Jemedari alizungusha sikio moja, basi. Kisha akaanza kukunja miguu ili abingirike.

Hapo Peris aliishiwa na uvumilivu. Aliinuka, akakaza kiuno, na ikatoka ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha madarasa matatu kwa mpigo, ukuta hadi ukuta.

"Simama!"

Hiram alisimama wima. Jirani wa pikipiki akazima injini. Na Jemedari, akitetemeka miguu yote minne, akasimama.

Wakaanza kutembea. Kutoka kwenye mti wa parachichi hadi lango, na kurudi, polepole, Peris mbele na kamba mkononi. Akijaribu kulala anamvuta, akisimama anamwacha. Alipotulia kidogo alifanya kama Mukhisa alivyomwambia kwenye simu iliyofuata: akaweka sikio ubavuni kusikiliza. Tumbo la farasi mzima, Mukhisa husema, hunguruma kama maji yanayopita chini ya daraja. Hili lilikuwa kimya. Alibadilisha upande. Kimya. Na ndipo hasira yake ilipopata mwenzake, woga. Jemedari alishusha paji la uso wake mzito, akaliegemeza kifuani pake, akatulia hapo.

"Usinizoee," Peris alimwambia, lakini hakumsukuma.

Alimfunga kwenye mparachichi aende kuchota maji ya kumfuta jasho. Hakukawia. Aliporudi alimkuta Hiram amerusha kamba kwenye tawi, amevuta kichwa cha farasi kikaangalia mbinguni, na shingo ya chupa inaingia kwenye kona ya mdomo. Peris alitupa ndoo. Aliikwapua chupa, akaimwaga yote miguuni pa shemeji yake, viatu na soksi.

"Shemeji! Nasaidia!"

"Ikienda kwa mapafu, utampulizia wewe? Utampulizia?"

"Wewe hata humpendi huyu falasi!"

"Simpendi! Na hatakufa mkononi mwangu wakati huyo mwenye kumpenda ako Kitale akifundisha watu! Nenda pale kwa lango ungojee gari ya daktari, uwaonyeshe njia. Hiyo ndiyo kusaidia."

Hiram alienda, akiacha nyayo za mafuta. Na kwa haki lazima isemwe kwamba alisimama pale langoni bila kuondoka hata mvua ndogo ilipoanza.

Pikapu ilifika imepakwa matope hadi kioo. Mukhisa aliruka kabla haijasimama. Bado alikuwa amevaa kibandiko cha mkutano chenye jina lake na neno Mwalimu. Daktari Chepkosgei, mwanamke mfupi mwenye haraka isiyo na fujo, alienda moja kwa moja kwa farasi. Alisikiliza moyo, akasikiliza mapafu, akasikiliza tumbo, akamdunga sindano ya maumivu. Akavaa glovu ndefu hadi begani na kuingiza mkono huko nyuma, akiwa amefumba macho kama anayetafuta ufunguo gizani.

"Utumbo haujajipinda," alisema. "Hiyo ni bahati. Shikeni kichwa."

Akapitisha mpira mrefu puani, taratibu, akingoja farasi ameze, hadi ukafika tumboni. Kwanza ukatoka upepo. Kisha ukatoka uji uliochacha wenye harufu ya pombe ya busaa iliyokaa, ndoo nzima, na nusu ya nyingine.

"Hii yote ingebaki ndani, tumbo lingepasuka," daktari alisema. "Kama angenyweshwa kitu juu yake, sijui." Hakumtazama mtu, lakini Hiram alitazama viatu vyake. Daktari alisafisha tumbo kwa maji ya uvuguvugu, kisha akamiminia dawa kupitia mpira uleule. Alipomaliza, akageuka. "Stoo ilikuwa imefungwa na nini?"

Mukhisa aliutazama mlango wa stoo.

"Na kamba," akasema Peris.

"Na kamba." Daktari alimwangalia yule mwalimu wa kibandiko. "Mzee, si ni wewe asubuhi ulikuwa unatuambia chakula kifungiwe kwa kufuli? Niliandika hata."

Mukhisa alibandua kile kibandiko, akakitia mfukoni.

Ikabaki kungoja. Peris alipika chai. Daktari aliinywa amesimama, sikio likirudi tumboni kila baada ya muda. Akina mama bado walikuwa kando ya barabara, sasa wamejifunika mifuko ya plastiki, wakiimba chinichini. Mawingu yalikuwa yameanza kufunguka Jemedari alipoinua mkia na kuangusha samadi, kidogo, yenye majimaji, lakini samadi. Phelista alipiga kigelegele kilichosikika hadi sokoni. Ngoma ikapata ruhusa yake. Na Mukhisa, mzee mzima, akaegemea shingo ya farasi na kulia wazi wazi, mabega yakitingishika.

Peris alimtazama. Alikuwa na njaa, ana matope hadi magotini, mboga zake zimekwisha, na neno ambalo alikuwa amelikalia kwa miaka likatoka lenyewe.

"Mama yangu alipozikwa hukulia."

Mukhisa alijifuta na mkono wa shati. "Nililia."

"Wapi? Ulisimama pale kwa kaburi kama nguzo."

"Nilirudi Saboti nikalia huko. Kwa zizi." Alimpapasa farasi masikioni. "Nililia kwa shingo ya huyu. Wewe ulikuwa umebeba mengi. Nikaona aibu kukuongezea yangu."

Peris alimtazama farasi, kisha mumewe.

"Kwa hivyo huyu amejua miaka hii yote, mimi sijui?"

Daktari Chepkosgei alijifanya anakunja mpira wake.

"Hajapona kabisa," alisema alipomaliza kuukunja. "Pumba nyingi hivi ikitoka kwa tumbo inashuka kwa miguu. Kwato zinapata moto ndani, farasi anaweza kuwa kiwete maisha yote. Leo na kesho lazima miguu yake ikae kwa maji baridi, mara kwa mara. Hakuna pumba. Nyasi kavu kidogo kidogo, na maji safi. Nitarudi kesho. Mkiona anahamisha uzito mguu huu mguu huu, mnipigie hata kama mnafikiri ni kitu kidogo."

Alienda. Hiram naye alienda, na akina mama, na ngoma. Peris na Mukhisa walileta beseni mbili za maji kutoka kisimani na kumsimamisha Jemedari ndani yake, miguu ya mbele, kama mzee anayelowesha miguu baada ya safari. Peris aligusa kwato kwa kiganja. Zilikuwa na joto. Akamimina maji, akagusa tena.

"Pumzika," Mukhisa alisema. "Mimi nitamwaga."

"Wewe ulikuwa unafundisha. Nimesimama naye kutwa." Hakumpa ndoo. Alimimina nyingine, maji yakiteremka juu ya zile kwato nyeusi, na farasi akapumua pumzi ndefu kupitia pua zote mbili. Peris alikaa kwenye kigoda, akavuta nguo yake juu ya magoti.

"Sasa niambie," alisema, bado kwa ukali. "Kuhusu mama. Ulimwambia huyu nini?"

Mukhisa alichuchumaa upande wa pili wa beseni. Alifikiri sana, akaanza kumweleza.