Nyembe Tatu Pembeni ya Pini

Drili ilikuwa imefika katikati ya jozi ya kumi na tisa ya mabamba pale shemeji yangu Asnath alipoingia karakana na kuniambia kwamba mashine yake imenyamaza.

Nikazima drili, nikaiacha imekaa ndani ya chuma.

"Salamu kwanza, shemeji."

"Salamu gani, mume wa akiba? Nimekuja juu ya lori la vitunguu kutoka Mtinko. Nanuka kuliko hiyo grisi yako."

Asnath ni mke wa marehemu kaka yangu. Kikundi chake cha akina mama ndicho kilichopewa mashine ya kwanza kati ya arobaini tulizoagizwa: mashine ya kukamulia alizeti kwa mkono. Mtu huvuta chini mkono wa chuma wenye urefu wa mtu mzima, pistoni inabana mbegu, mafuta yanachuruzika. Mkono wenyewe unashikwa na pini moja nene inayopita kwenye jozi ya mabamba. Wiki iliyopita alituma neno kwamba mashine inagonga kila anapovuta, kama mtu anayebisha hodi. Nilikuwa sijapata nafasi ya kwenda.

"Imenyamaza vipi?"

"Nimeitibu mwenyewe. Nimetia ngozi ya ng'ombe pembeni ya pini. Kimya kabisa. Loyce mwenzangu wa kikundini anasema sasa nifungue karakana, nikunyang'anye wateja."

Aliacha kucheka alipoona mimi sicheki.

Huku kwetu ekseli ya mkokoteni ikilegea hutiwa ukanda wa ngozi na mafuta, na safari inaendelea. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi mno, kwa hiyo sikuweza kumlaumu. Lakini mkokoteni ukizidi kulegea, gurudumu huyumba na ng'ombe husimama. Mashine hii ina mbegu zilizobanwa ndani zinazosukuma kurudi, na karibu na mkono wake kuna uso wa mtu.

"Kitambaa unachofutia pini unacho?"

Alikifungua kutoka pembe ya khanga. Grisi ilikuwa nyeusi, na ilipopata mwanga wa mlango ikametameta. Ulikuwa unga wa chuma.

Nikachukua pini mpya na pakiti ya nyembe. Kabla sijapata venia, kile kipimo cha unene, nilijifunza kupima kwa wembe. Unene wake ni sehemu ya kumi ya milimita, na haubadiliki. Jozi ya pili ya mabamba: pini iliingia, na pembeni yake wembe mmoja ulipita kwa kusukumwa. Jozi ya saba: nyembe mbili. Ya kumi na nane: tatu, na zilicheza.

Nikarudia upya kuanzia mwanzo, kwa sababu mtu hukosea. Majibu yakawa yaleyale.

Chanzo nilikijua. Tangu enzi za ushirika tulikuwa tunatoboa vyuma vya mikokoteni kwa kulaza kipande kilichotangulia juu ya kipya na kupitisha drili katika tundu lake. Kosa la kipande cha kwanza linarithiwa na cha pili, nacho kinaongeza lake. Kwa mikokoteni, nani angejua?

Miezi miwili nyuma, mchoro wa mashine ulipofika, niliomba wiki moja. Mchoro ulidai usahihi uleule kila mahali, hata kwenye miguu na kwenye bakuli la mbegu. Nilitaka kujua, kabla hatujakata chuma, ni wapi kosa la unywele mmoja litadhuru na ni wapi hata nafasi ya kidole haitadhuru. Rahimu, tajiri yetu, aliyeichukua karakana hii ushirika ulipoiuza, alikataa. Alisema siku hizi kila mtu anaruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, maduka ya Singida yamejaa mafuta ya nje, na mashine za nje ziko njiani, hivyo hakuna muda wa kusubiri. Basi tukafuata mchoro na kupiga tupa miguu ya mashine wiki tatu, miguu inayosimama kwenye udongo. Siku tulizopewa zilipokaribia kwisha akasema tuache mchoro, twende kwa mtindo wa mikokoteni. Hapo ndipo tulipofika kwenye tundu la pini.

Rahimu akaingia kutoka uani.

"Fundi, mbona drili imelala?"

Nikamwonyesha nyembe, nikamweleza habari ya ngozi. Akazitazama, akatazama kitambaa.

"Shikamoo tajiri," alisema Asnath.

"Marahaba, mama. Fundi, si mwenzako huyu amekwisha kukupa dawa? Tia ngozi. Malori ya kuchukua mashine yanakuja keshokutwa."

"Tuijaribu na ngozi yake," nikasema. "Ikishika, nitaendelea kutoboa."

Sikuwa na ubishi mwingine. Nikafunga jozi ya kumi na nane kwenye fremu ya majaribio, nikatia ngozi, nikajaza alizeti. Nikafunga kamba kwenye mkono, nikaipitisha chini ya chuma kilichochimbiwa ardhini ili tuvute tukiwa mbali. Halafu nikasimamisha ufito, nikavika kopo la rangi juu yake.

"Uso wako unakaa hapa?" nikamuuliza Asnath.

"Chini kidogo. Mimi mfupi, na Loyce ni mfupi zaidi."

Nikashusha kopo.

Tulivuta, mimi na Rahimu. Mafuta yakatoka, ya njano, mazuri. Mara ya tano, ya sita. Hakuna sauti. Rahimu akaanza kutabasamu.

"Unaona? Kimya kama msikitini."

Mara ya kumi na moja kamba ililegea ghafla mikononi mwetu. Pini ilikuwa imelala upande, ikachomoka, na mkono ukapanda. Kopo tulilikuta kwenye ukuta wa pili, limekunjwa katikati.

Ngozi ilining'inia kwenye tundu, imekatika vizuri kama iliyopigwa mkasi.

"Jozi ngapi ziko hivi?" Rahimu akauliza taratibu.

"Kumi na nane. Ile ya Mtinko ndiyo ina nafuu. Ilikuwa na nafuu, kabla pini haijaanza kuliwa."

Asnath alikuwa bado anatazama kopo.

"Loyce anakamua leo," akasema. "Nilimwachia magunia mawili. Nilimwambia mashine imepona, avute bila hofu."

Rahimu alikwisha kutoa funguo za gari mfukoni. Asnath alipanda mbele bila kuaga, kitambaa kikiwa bado mkononi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Barabara ya Mtinko ni mbaya, na magunia mawili si mengi kwa mtu mwenye bidii.

Nikarudi ndani. Mabamba yote nikayatia msalaba wa chaki. Nikatandika mchoro juu ya meza, na mbele ya miguu, bakuli na fremu nikaandika: legeza. Mbele ya tundu la pini sikuandika hivyo: hapo hata unywele mmoja ungedhuru. Nikachagua chuma kipya cha kutengenezea kielelezo kimoja cha kutobolea, kitakachotumika kwa mashine zote na kisichorithi kosa la mwenzake, nikakipima, nikakichora mstari wa kwanza.

Saa kumi na moja umeme ukakatika. Drili ilikuwa bado imekaa ndani ya jozi ya kumi na tisa. Nikaiacha humo hadi kesho, nikaenda kusimama getini, nikatazama barabara ya kaskazini, ile ya Mtinko.