Alama ya Jumamosi

Fundi alikuwa na kanuni moja ya gereji, na ndiyo iliyomponza: gari likishatengenezwa, lijaribiwe barabarani siku hiyohiyo. Kanuni nzuri sana, kwa gari. Lakini mbwa si gari jamani, na mtu wa miaka hamsini na sita alitakiwa awe ameshalijua hilo.

Mbwa mwenyewe aliitwa Bosi, na alikuwa wa mke wa Fundi kuliko alivyokuwa wa nyumba. Mwaka uliotangulia askari wa mwili wake walichanganyikiwa, wakaanza kuishambulia damu yake mwenyewe. Fizi zikawa nyeupe pe. Daktari wa mifugo, mwanamke asiye na maneno mengi, akaandika vidonge vya kuwalaza askari hao. Miezi saba mke alivificha vidonge ndani ya kipande cha mkate kila asubuhi, akipunguza kidogo kidogo kama alivyoagizwa, huku akitia alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji.

"Sasa dawa tumeacha," daktari alisema siku ya kidonge cha mwisho, "lakini kinga haijarudi. Askari waliolala miezi saba hawaamki kwa siku moja. Wiki sita asitoke getini, asikutane na mbwa wengine. Na chanjo tusubiri kwanza."

Wiki ya tatu dada wa mke akajifungua, mke akaenda kumwangalia. Alimwachia mumewe karatasi mpya yenye visanduku kumi na vinne, kimoja kwa kila siku, na juu yake ameandika: AMEBAKI NDANI.

"Baba Pacha, ni kutia alama tu," alimwambia huku akifunga begi. "Hata wewe huwezi kuliharibu hilo."

"Nenda zako, mama. Nimeachiwa mbwa, sikuachiwa nchi."

Siku tano zikapita salama. Siku ya sita, Jumamosi, Bosi akamletea kiatu chake cha kazi mdomoni, mkia ukipiga ukuta pa, pa, pa. Manyoya yameota, macho yanang'aa. Fundi akamtazama kama anavyotazama injini iliyotulia, akasema, "Haya, twende tukakujaribu."

Nyuma ya gereji palikuwa na majani marefu, mabodi ya magari mabovu, na mbwa watatu wasio na mwenyewe. Bosi alikimbia nao mpaka ulimi ukamning'inia. Mpiga rangi akaacha kazi kumtazama. "Huyu ndiye mgonjwa? Basi na mimi niumwe hivyo!" Wakacheka wote. Fundi alifurahi siku ile, tusimnyime hilo, maana alimpenda yule mbwa.

Jioni alimtoa kupe wawili sikioni, akawaponda kwa kisigino. Kisha akaenda kwenye friji, akatia vema kwenye kisanduku cha Jumamosi. Alama ndogo tu, nani angekufa kwa alama?

Mke aliporudi aliisoma karatasi hata kabla ya kuvua viatu. "Kumbe unaweza!" Akampigia dada yake simu kumsifia mumewe. Sasa mtu aanzie wapi hapo? Fundi alijiambia atasema kesho, na kesho ikawa na kesho yake. Siku ya nne Bosi akakataa mkate. Mke akamfunua mdomo, na fizi zilikuwa nyeupe tena.

Daktari alimpima homa, akatazama damu kwenye hadubini, akanyanyua kichwa.

"Sioni kitu hapa, na majibu ya maabara kubwa ni siku tatu. Kwa hiyo nasikiliza maneno yenu. Kama ni ugonjwa wa zamani umerudi, niwalaze askari tena leo hii. Kama ni homa ya kupe, dawa hiyohiyo itamvua kinga ambayo ndiyo kwanza inaamka. Ametoka nje huyu?"

Fundi akafungua mdomo. Mke alikuwa ameshafungua mkoba. Karatasi aliibeba!

"Tazama, Daktari. Hajatoka hata siku moja. Mume wangu ana vituko vyake, lakini uongo hana."

Daktari hakuitazama karatasi, alimtazama Fundi. "Ni kweli?"

"Kweli," akasema Fundi. Aliona haya mbele ya mkewe, basi. Hapakuwa na sababu nyingine.

Sindano ikachomwa. Kesho yake ikachomwa ya pili. Asubuhi ya tatu mkojo wa Bosi ulikuwa mwekundu, na mke alikuwa ameketi sakafuni jikoni, kichwa cha mbwa mapajani. Fundi akasimama mlangoni, akalitoa lote: gereji, majani, kupe wawili. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, ila hawakusema kwamba anayekufa anaweza kuwa mwingine.

Mke hakupiga kelele. "Washa gari," akasema.

Daktari alibadilisha dawa palepale. "Ungesema juzi," alimwambia Fundi, akaendelea kutafuta mshipa. Bosi alikufa kabla ya adhuhuri.

Walimzika nyuma ya nyumba, Fundi akichimba. Alipoingia kunawa, alimkuta mkewe amesimama mbele ya friji, karatasi ameibandika tena mahali pake.

"Ya uongo ni ipi?"

Akaionyesha kwa kidole chenye udongo. "Hii. Jumamosi."

"Na hizi kumi na tatu?"

"Za kweli, mama. Naapa, zote ni za kweli."

Mke alizipitia moja moja, taratibu. Kisha akamgeukia, na hasira haikuwamo usoni mwake. Fundi angeshukuru kama ingekuwamo.

"Nitajuaje?" akamuuliza.

Fundi akatazama karatasi. Alama zote zilifanana.