Picha Nne za Mtoto wa Mpiga Picha

Mwanangu ni mpiga picha. Ukutani mwa studio yake kuna picha thelathini na moja, na ishirini na nane ni zake mwenyewe. Tatu zilizobaki ni za wateja, ila ukichungulia vizuri utaona kiwiko chake.

Siku hiyo nilikuwa pale nikifagia, mjukuu wangu akaingia mbio na sare zake za darasa la saba. Shule ilitaka picha nne ndogo za kuandikishwa mtihani, mwisho saa tisa alasiri. Asiyepeleka, mtihani hafanyi. Baba yake alikuwa ameshamwahidi mara tatu.

"Ziko tayari!" akasema mwanangu, akamkabidhi bahasha kwa madaha.

Mtoto akafungua, akazitoa. Nami nikatupa jicho. Baba mtu, tai nyekundu, kidevu juu, mara nne.

"Baba, hizi ni zako."

"Si tunafanana? Mwalimu ataona ulikotoka. Wewe mwenyewe shavu la kushoto bado halijaiva."

Mtoto akampigia makofi, macho yamejaa machozi.

Nilishtuka. Makofi yale niliyaleta mimi nyumbani. Huyu baba yake ni kitinda mimba wangu. Utotoni, akimaliza uji, nyumba nzima makofi. Akivaa soksi, makofi. Dada zake wakifaulu nawaambia wanyamaze, wasimuudhi mdogo wao. Akijikwaa, naichapa sakafu. Nilidhani nalea mtoto, kumbe nalea mgeni rasmi.

Saa ilikuwa nane na nusu.

"Mpige mtoto picha," nikasema.

"Mama, mwanga wa saa hizi haunipendezi."

"Nani kakutaja wewe? Lete hiyo kamera, utoke nje."

"Nje? Studio yangu?"

"Nje, baba. Nimekukosea miaka arobaini, nipe dakika tano."

Akatoka akiburuza viatu. Mjukuu wangu akakaa ukingoni kabisa mwa benchi, nusu yake hewani.

"Sogea katikati, mama," nikamwambia.

"Na baba atakaa wapi?"

"Leo hakai. Benchi lote lako."

Akasogea kidogo kidogo, kama anayeingia kwenye maji baridi. Nikabonyeza. Papo hapo sauti ikatoka mlangoni: "Mama! Huku nje hakuna hata mtu wa kuniangalia!"

Mtoto akacheka meno yote nje. Picha ikaharibika, maana shule haitaki meno. Tukarudia. Mashine ya kuchapia picha mtoto anaijua mwenyewe, akatoa nne, akazikata, akatimka nazo. Kufika saa tisa kasoro dakika tano alikuwa ameshaandikishwa.

Mwanangu alipoingia aliikuta ile iliyoharibika kwenye kioo cha kamera. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Kacheka kama mimi," akasema.

"Hapana. Kacheka kama yeye."

Akanuna, akanipa mgongo. Siku zote akinuna hivyo huwa nambembeleza. Safari hii nikachukua ufagio, nikaendelea na kona iliyobaki.